Bado Hujanigusa

Popote ulipo asubuhi hii, iwe ni jikoni ukingoja chai ichemke, au ndani ya matatu ukielekea kazini, au kitandani kwa ugonjwa na redio iko karibu na mto wako, karibu tukae pamoja kwa dakika chache mbele ya Neno la Mungu.

Somo letu liko katika Injili ya Marko, mlango wa 10, aya ya 13 hata ya 16. Habari hii waijua tangu utoto wako. Watu walimletea Bwana Yesu watoto wadogo ili awaguse, na wanafunzi wakawakemea. Pengine waliona Mwalimu amechoka, pengine waliona kuna mambo makubwa zaidi ya kuzungumzwa siku ile. Marko peke yake ndiye anayetuambia kwamba Yesu alichukizwa na jambo hilo. Mathayo na Luka wamelipita kimya. Si mara nyingi Injili hutuonyesha Bwana amekasirika, na hapa amekasirika kwa sababu mlango umefungwa mbele ya watoto. Kisha akasema kwamba ufalme wa Mungu ni wa watu walio kama hao, na kwamba asiyeupokea jinsi mtoto apokeavyo hana njia ya kuingia. Akawapakata, akaweka mikono yake juu yao.

Luka naye, anapoisimulia habari hii katika mlango wake wa 18, anatumia neno la Kigiriki lililo la mtoto mchanga kabisa. Ni neno lile lile alilolitumia kwa Mtoto aliyelazwa horini kule Bethlehemu. Basi fikiri. Watoto hao, au baadhi yao, hawakuja kwa miguu yao. Walibebwa. Hawakusikiliza mahubiri, hawakuleta sadaka, hawakujua hata jina la yule aliyewapakata. Wala hawakusema asante, maana mtoto mchanga hajui kusema asante, akishashiba hulala. Na hao ndio Bwana aliowaweka mbele yetu sisi watu wazima, sisi wenye vyeo kanisani na madaftari ya michango, akasema kwamba njia ni hiyo.

Neno hili ni gumu, ndugu yangu, na nimelisikia likihubiriwa kwa urahisi mno. Mara nyingi husemwa kwamba mtoto ni malaika, hana hila, hana dhambi, basi na sisi tuwe safi kama yeye. Anayesema hivyo sidhani kama amelea. Mtoto wa miaka mitatu ataficha sukari shavuni huku akikuapia kwamba hajaiona. Atampokonya mdogo wake mandazi, kisha alie yeye kwanza. Marko hakuandika hata neno moja juu ya wema wa watoto wale. Tena haiwezekani Bwana kuwa alitaka tuwe na akili za kitoto, kwa kuwa Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 14, awaambia waamini wawe wachanga kwa habari ya uovu tu, bali katika kufikiri wawe watu wazima.

Basi ni kitu gani alicho nacho mtoto, ambacho sisi tumekipoteza njiani?

Nataka nikuchukue mpaka upande wetu huu wa Kitengela, katika Kajiado. Huku jibu hupita barabarani kila siku, na mtu aweza kukaa miaka asilione. Wewe usiyepajua, Kitengela zamani ilikuwa malisho matupu. Wanyama wa porini walipita kutoka mbuga ya Nairobi wakishuka kwenda tambarare za Kaputiei, na ng'ombe wa Wamaasai wakichunga pamoja nao. Kisha vikaja viwanda vya Athi River, na katika miaka ya 1990 vikaongezeka, na watu wa kila kabila wakaja kununua viwanja. Leo utaona nyumba za mawe, nyua za waya, magari ya maji, na kanisa karibu katika kila kona. Lakini ukienda mbele kidogo, maduka yakiisha, utakutana na mbuzi, na nyuma ya mbuzi utakutana na mtoto wa Kimaasai.

Mtoto huyo akimwona mtu mzima hafanyi kama watoto wa kwetu mjini, wanaopiga kelele wakiwa mbali. Huja mpaka miguuni pako. Huinamisha kichwa. Kisha hungoja. Wewe mkubwa yakupasa uweke kiganja chako juu ya utosi wake na kumsalimu. Ndipo aitikie, ndipo aende zake. Mgeni aliyetoka mbali, asiyejua desturi, humnyoshea mkono kama tunavyosalimiana sisi. Basi mkono wa mgeni hubaki hewani, na utosi wa mtoto uko chini yake, na wenyeji hugeuka upande ili wasionekane wakicheka.

Tazama vizuri desturi hii, kwa maana kuna Injili ndani yake. Mtoto hawezi kujisalimu. Hawezi kuweka mkono wake mwenyewe kichwani pake, kisha aseme nimekwisha kusalimiwa. Tena akiinama haoni uso wako. Huona miguu yako tu, na vumbi la viatu vyako. Hajui kama umekasirika au umefurahi, wala hajui kama mkono wako una kitu au hauna. Yeye ametoa kichwa chake, na sehemu iliyobaki ni yako.

Sasa nitakuambia jambo nililoliona kwa macho yangu. Lakini kwanza yafaa nikukumbushe ile miaka ya ukame.

Wazee wa Kajiado huhesabu ukame kama watu wengine wanavyohesabu vita. Watakutajia ule wa 1961, na ule wa 1984, na ule wa 2009. Lakini huu wa karibuni waliuona kuwa wa namna nyingine. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo, na mvua ya kutosha haikunyesha. Mwezi wa Septemba 2021 serikali ilitangaza kwamba ni janga la taifa. Katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa. Hizo ni hesabu za ofisini. Mwenyeji hahesabu hivyo; yeye huwajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa mama zao. Ng'ombe aliyedhoofika akilala hawezi kuinuka tena mwenyewe. Kila asubuhi wanaume hukusanyika, mmoja ashike mkia, wengine mbavu na pembe, wamsimamishe. Leo atasimama, kesho atasimama, kesho kutwa hatasimama. Marobota ya nyasi yalipanda bei mpaka mtu aliuza ng'ombe mmoja ili amlishe mwingine, kisha wote wawili wakamponyoka.

Na kuna jambo jingine, ambalo asiyekijua Kimaasai hawezi kulihisi. Katika lugha hiyo neno la Mungu ni Enkai. Na neno hilo hilo ndilo la mbingu, na ndilo la mvua. Basi fikiri uchungu wake. Sisi wengine tukisema kwamba mvua haipo, tumesema habari ya hali ya hewa. Mmaasai akisema hivyo katika lugha aliyonyonya kwa mama yake, masikio yake mwenyewe yanasikia zaidi ya hayo.

Kulikuwa na mzee mmoja huku kwetu. Jina lake silitaji, maana yu hai na ni mtu wa haya. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, mtu wa kufika mapema na kufungua madirisha kabla mchungaji hajaja. Alikuwa na ng'ombe zaidi ya themanini. Vijana wake waliwapeleka mbali kutafuta majani, wakahama tena, wakahama tena, na mwezi wa Oktoba 2022 walirudi na kumi na mmoja. Tangu hapo hakufika kanisani. Hakugombana na mtu. Alinyamaza tu. Waliomtembelea walisema kwamba hata chakula kikiletwa, akiombwa abariki, huwapa wengine nafasi hiyo.

Tulikwenda kumwona, mimi na ndugu mwingine wa kanisa. Tulimkuta ameketi juu ya kigoda chini ya mgunga, amejifunika shuka, mikono iko ndani. Tulizungumza habari za njia, na za afya, na za bei ya unga. Juu ya ng'ombe hatukusema neno, wala yeye hakusema. Harufu ya mizoga ilikuwa ikija na upepo, basi hakukuwa na haja ya kusema.

Jioni ikaingia, watoto wakatoka shule. Walikuja wanne, wajukuu wa mzee, vumbi mpaka magotini. Wakatuinamia sisi wageni kwanza, tukawagusa vichwa. Kisha wakamwendea babu yao. Mzee hakutoa mkono. Alikuwa akitazama mbali, huko kulikokuwa na zizi. Wale wakubwa watatu wakangoja kidogo, wakatazamana, wakaondoka polepole kwenda ndani. Watoto wakubwa huelewa mambo.

Akabaki mmoja, msichana wa nasari, miaka mitano hivi. Huyu hakuelewa mambo. Alisimama pale pale ameinama, mfuko wa shule umemshukia mpaka shingoni. Mzee akamwambia kwa Kimaasai aende kwa mama yake, kwa maana mkono wa babu hauna kitu. Mtoto hakuinua kichwa. Akajibu kwa Kiswahili chake cha nasari, akisema, "Babu, bado hujanigusa."

Hakulia wala hakulalamika. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwingine jambo dogo alilolisahau.

Tukakaa kimya, na muda ukapita ambao siwezi kuukadiria. Kisha shuka likatikisika, mkono ukatoka, mkono wa mzee wenye mishipa, ukakaa juu ya kichwa kile. Ukakaa hapo muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Mtoto akaitikia, akakimbia ndani kutafuta chakula, kama ilivyo kawaida yao.

Mpenzi msikilizaji, Waswahili husema kwamba mkono mtupu haulambwi. Ni methali ya kweli katika mambo ya dunia, na nani asiyejua? Mtu akiwa na mali simu yake hailali. Akifilisika, hata waliokuwa wakimwita mheshimiwa hupita upande wa pili wa barabara. Mzee yule alikuwa akiiishi methali hiyo. Alifikiri kwamba baraka yake ilikuwa zizini. Zizi lilipokuwa tupu akaona hana cha kumpa mtoto, akauficha mkono. Na nadhani, ingawa hakuniambia, alifikiri hivyo hivyo juu ya Mungu: kwamba mkono wa Mungu nao umekuwa mtupu, basi kuna faida gani ya kuinama mbele yake?

Mtoto hakuijua methali. Hakuja kuulamba mkono. Aliutaka mkono wenyewe.

Nami tangu siku ile nimelifikiri sana neno lake la kwanza, hili "bado". Sisi tunaosema Kiswahili tunalitumia kutwa kucha bila kulitazama. Chakula kimeiva? Bado. Mgeni amefika? Bado. Mwenye kusema hapana amefunga mlango. Mwenye kusema bado ameuacha wazi, tena amesimama mlangoni. Yule mtoto hakumwambia babu kwamba hataki kumgusa. Aliona kwamba jambo limechelewa, basi, na yeye atangoja mpaka litimie. Ndani ya neno dogo kama hilo kuna malalamiko na kuna tumaini, na huwezi kutenga kimoja na kingine.

Ukiifungua Zaburi ya 13 utalikuta neno hilo hilo likiomba. Daudi amuuliza Mungu mara nne mfululizo atangoja mpaka lini. Kuna Wakristo wanaoogopa kuomba hivyo, wakidhani ni utovu wa adabu. Lakini angalia ni nani aliyekuwa na adabu pale chini ya mgunga. Wale watatu walioondoka kimya kimya, au huyu mmoja aliyebaki ameinama? Mtu aliyekata tamaa hamuulizi Mungu atakawia mpaka lini. Huondoka tu, polepole, na kwa heshima. Makanisani mwetu wamo wengi walioondoka kwa heshima, na bado wanakuja kila Jumapili.

Sasa rudi katika Marko mlango wa 10, utazame habari inayofuata baada ya ile ya watoto. Sidhani kwamba Marko aliziweka karibu bila sababu. Anakuja mtu mbio, anapiga magoti, anauliza afanye nini aurithi uzima wa milele. Huyu ni mtu mwema. Amezishika amri tangu ujana wake, na Marko asema kwamba Yesu alimtazama akampenda. Lakini alipoambiwa auze vyote alivyo navyo, uso wake ukakunjamana, akaenda zake kwa huzuni, kwa sababu alikuwa na mali nyingi. Kwa lugha ya huku kwetu tungesema kwamba alikuwa na ng'ombe wengi.

Tajiri yule aliondoka kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Mzee wetu alikaribia kuondoka kwa sababu mikono ilikuwa mitupu. Waonekana kuwa watu wawili mbalimbali, lakini wote wawili walikuwa wakitazama jambo moja: kilichomo mkononi. Mmoja aliuliza atafanya nini, mwingine aliona hana la kufanya tena. Mtoto mchanga aliyepakatwa na Bwana aya chache tu kabla ya hapo hakufanya lolote, naye ndiye aliyebarikiwa.

Wafugaji wanaonisikiliza, hebu niwatajie mfugaji mwenzenu. Katika kitabu cha Mwanzo, Yakobo alikuwa mzee wa mifugo maisha yake yote. Njaa ilimhamisha uzeeni, akashuka Misri pamoja na wanawe na wanyama wao, akaishi ugenini kwa chakula cha serikali ya Farao. Soma mlango wa 47. Utaona watu wa Misri wakileta farasi na kondoo na ng'ombe na punda wao, wawatoe ili wapewe chakula. Mambo hayo tuliyaona hapa Kajiado kwa macho yetu. Katika mlango huo huo Farao alipomuuliza Yakobo umri wake, mzee alijibu kwamba siku zake zimekuwa chache tena mbaya. Hakupamba.

Lakini geuza ukurasa, mlango wa 48. Mzee huyo amelala kitandani, macho yamefifia, hawezi kuona. Yusufu anamletea wajukuu wawili, Efraimu na Manase. Naye anajitia nguvu, anaketi, ananyosha mikono na kuiweka juu ya vichwa vyao. Ingawa haoni, aliipishanisha mikono kwa kujua, na Yusufu alipotaka kumsahihisha alikataa. Katika Waebrania mlango wa 11, mwandishi anapotafuta tendo moja la imani la Yakobo la kututajia, katika maisha yale marefu yenye mambo mengi, hataji ngazi ya Betheli, hataji kushindana na malaika usiku. Anataja hili: kwamba alipokuwa akifa aliwabariki watoto wa Yusufu. Mkono wa mzee juu ya kichwa cha mjukuu.

Hapa lazima niseme neno jingine, na halitawapendeza wote. Mtoto akiinamisha kichwa amejiweka katika hatari. Haoni mkono unaokuja. Waweza kuwa wa baraka, waweza kuwa wa kupiga. Katika miaka ile ya ukame walikuwako wasichana walioozwa mapema, darasa la sita, darasa la saba, kwa sababu nyumba ilikuwa na njaa na mtu fulani alikuwa bado ana mitamba. Sheria ya Kenya inakataza ndoa ya mtoto, na tangu mwaka 2011 iko sheria kamili ya kukataza ukeketaji. Machifu wanajua, walimu wanajua, na wako akina mama wa Kimaasai waliosimama imara kuliko sisi wahubiri. Lakini mimi sizungumzi habari ya sheria asubuhi hii. Nazungumza na baba ambaye binti yake aliinama mbele yake jana jioni akangoja. Kichwa kile alikitoa kwako kwa imani. Bwana Yesu, katika Mathayo mlango wa 18, alizungumza juu ya jiwe la kusagia na kilindi cha bahari kwa ajili ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa. Ni yeye yule aliyewapakata.

Na makanisa yetu je? Nimeona mahali ambapo wazee wana viti vya mito, na watoto wa shule ya Jumapili wako chini ya mti, jua likihama nao wanahama, mwalimu wao hana hata ubao. Ibada ikiwa ndefu huambiwa wakacheze mbali wasisumbue. Kazi ile ya wanafunzi waliokemea bado ina watu wa kuifanya.

Kuhusu yule mzee, msidhani kwamba Jumapili iliyofuata alikuja mbio akiimba. Hakuja. Alikuja baada ya wiki tatu, akaketi nyuma karibu na mlango, wala hakufungua madirisha. Mvua yenyewe ilichelewa mpaka mwezi wa Machi 2023. Iliponyesha, majani yaliota juu ya mifupa, na ng'ombe hawakurudi. Mwaka uliofuata, Aprili na Mei 2024, mvua ikazidi, Mto Athi ukafurika, na watu wa Kitengela wakaokolewa kwa mashua mahali ambapo miezi michache tu nyuma tulikuwa tukinunua maji kwa mtungi. Mungu hatufuati katika hesabu zetu.

Leo mzee anafuga mbuzi, na ng'ombe wachache. Haongei sana. Lakini nimeona kwamba mwisho wa ibada, mchungaji anapoinua mikono kutoa baraka, yeye huinamisha kichwa chini kabisa, chini kupita watu wote, mpaka kofia ikaribie kuanguka. Siku moja nilimuuliza habari hiyo. Akaniambia kwamba ni shingo tu, uzee umeingia.

Basi na tuombe.

Ee Bwana, uliyewapakata watoto wakati wengine walipowafukuza, wakumbuke wazee waliobakiwa na fimbo isiyo na ng'ombe. Wakumbuke wasichana wanaolala leo wakiogopa mkono utakaokuja kesho. Wakumbuke mama walio hospitalini na watoto wachanga vifuani pao, na wale waliorudi nyumbani mikono mitupu. Nasi tunaosikiliza, tumeinama mbele zako. Uso wako hatuuoni. Wengine wetu tumengoja siku moja, wengine miaka mingi. Bado hujatugusa, Bwana, nasi hatujaondoka. Amina.